Ajali haina kinga? Tuziulize ndege ndogo

Miongoni mwa misemo ambayo tumeizoea mno hata hatuitafakari tena ni ule usemao kwamba ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa na wakubwa wanapotuma rambirambi, husemwa vituoni basi linapopinduka. Msemo huo una faraja yake, nami sikusudii kuwapokonya wafiwa faraja waliyo nayo. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni kuyachunguza maneno, naona kwamba msemo huu umebeba dhana moja yenye madhara makubwa. Leo ningependa kuipima dhana hiyo kwa mizani ya chombo ambacho wengi wetu tunaamini kikianguka, basi habari ya waliomo imekwisha. Chombo hicho ni ndege ndogo.

Tuanze na neno lenyewe. Ajali tumelipata kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hususan kikomo cha uhai wa mja. Maana hiyo haijatutoka. Mzee wa pwani akisema kwamba ajali ya fulani imefika, hazungumzii gari wala baiskeli. Anasema siku zake za kuishi zimetimia. Kisha neno hilo hilo tukalitumia kwa mgongano wa magari, kuzama kwa mashua na kuanguka kwa ndege. Kwa hiyo neno moja likabeba mambo mawili: kuanguka kwa chombo na kufa kwa mtu. Tunapotamka la kwanza, la pili huwa limekwisha kuingia mlangoni bila kubisha hodi.

Ilhali mambo hayo ni mawili, na kila moja lina swali lake. Swali la kwanza ni hili: kwa nini ndege ilianguka? La pili ni: kwa nini waliokuwamo walikufa? Mnamo Aprili 10, 2006 ndege ya kijeshi aina ya Y-12 ilianguka karibu na Marsabit ikiwa imewabeba viongozi waliokuwa katika safari ya kutafuta amani. Watu 14 kati ya 17 waliokuwamo walifariki, wakiwamo wabunge. Taifa lilizizima, na swali la kwanza likaulizwa kwa sauti kubwa, kama ilivyostahili. Lakini hesabu ya siku ile ilikuwa na sehemu mbili. Watatu walitoka hai katika chombo kile kile, kilichopiga mlima ule ule, dakika ile ile. Kila mara hesabu inapokuwa hivyo, swali la pili linakuwa limejiuliza lenyewe.

Mtu aliyelifanya swali hilo la pili kuwa taaluma ni Mmarekani aitwaye Hugh DeHaven. Mnamo 1917, akiwa mwanafunzi wa urubani katika jeshi la anga la Uingereza, ndege yake iligongana na nyingine angani wakati wa mazoezi huko Texas. Wenzake walikufa, yeye akapona akiwa na majeraha mabaya tumboni. Wengi waliiita bahati. DeHaven hakuridhika na jibu hilo. Alipotafakari, aliona kwamba mahali alipokuwa ameketi palikuwa hapajapondeka sana, na akaamini kwamba kilichompasua maini ni bizimu ya mkanda wake, ambayo iliundwa vibaya. Yaani kilichomwokoa ni umbo la chombo, na kilichomuumiza pia ni umbo la chombo. Bahati haikuwa na sehemu kubwa pale.

Alianza kwa kudondosha mayai jikoni mwake juu ya vitu laini vya namna mbalimbali, ili ajue ni kitu gani kitalipokea yai bila kulivunja. Mnamo 1942 alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka urefu wa kati ya mita 15 na 45 hivi na wasife. Aligundua kwamba mwili wa binadamu una ustahimilivu mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, mradi pigo ligawanywe juu ya sehemu kubwa ya mwili, na kusimama kwake kuchukue nafasi, hata kama ni nafasi ndogo. Baadaye, akiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, alifananisha abiria na bidhaa iliyofungashwa. Kila mfanyabiashara anayeleta mayai sokoni anaijua kanuni hiyo. Kasha lisipasuke. Mayai yasichezecheze ndani. Pawe na kitu cha kupondeka kabla yai halijapondeka. Na kasha lifunguke kwa urahisi linapofika. Hayo manne yanatosha kutuongoza katika kuitazama ndege ndogo.

Kabla ya kuyaendea, walimu wa fizikia waniwie radhi niingie shambani mwao kidogo. Ndege ndogo inayogusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ikisimama kwa utaratibu sawa katika umbali wa mita 5, humkabili abiria kwa kani iliyo takriban mara 5 ya uzito wake. Hilo hata mgonjwa atalistahimili. Ikisimama katika mita 1, kani inakuwa mara 25. Ikisimama katika nusu mita, inakuwa mara 50. Mwendo ni ule ule, abiria ni yule yule. Kilichobadilika ni umbali wa kusimamia tu. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kuondolewa huwa mara nne. Ndiyo maana kwa miaka mingi sheria ya Marekani iliitaka ndege ndogo yenye injini moja iweze kuelea hewani bila kudondoka hata mwendo wake ukipungua hadi kilomita 113 kwa saa. Bawa linaloweza kubeba ndege polepole ni kinga ya kwanza, kwani rubani aliyezimikiwa na injini ataweza kuishusha ndege kwa mwendo ambao mwili unaweza kuusamehe.

Je, mwili unaweza kusamehe kiasi gani? Mnamo Desemba 10, 1954 daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, alijifunga kwa mikanda mipana katika kigari cha roketi kilichofikia mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa muda wa sekunde moja na kitu. Kwa kitambo kifupi alikabiliwa na kani ya zaidi ya mara 40 ya uzito wake. Macho yake yalivilia damu, lakini aliinuka akaendelea kuishi na kufanya kazi kwa miaka mingi. Jibu basi ni kwamba mwili uliofungwa barabara unastahimili mengi. Kinachoua aghalabu ni kufungwa vibaya, au kupondwa na chombo chenyewe.

Turudi kwenye kasha letu la mayai. Kanuni ya kasha lisilopasuka na ya kitu cha kupondeka kwanza iliwekwa katika vitendo na mhandisi Fred Weick. Mnamo 1950, katika chuo cha Texas A&M, aliunda ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Marubani wa kazi hiyo huruka chini mno, karibu na miti na nyaya, na walikuwa wakifa kwa wingi. Weick hakujidanganya kwamba ndege yake haitaanguka kamwe. Aliitengeneza akitarajia kwamba siku moja itaanguka. Mbele aliweka injini, nyuma yake tangi la dawa, kisha ndipo akamweka rubani, juu na nyuma, ili pua yote ndefu ipondeke kabla ya pigo kumfikia. Mawazo hayo yaliingia katika ndege aina ya Piper Pawnee, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Hata hivyo Pawnee za kwanza zilikuwa na kasoro: tangi la mafuta lilikuwa ndani ya kiwiliwili, mbele ya rubani, mahali pale pale palipotarajiwa kupondeka. Katika miaka ya 1970 mafuta yalihamishiwa mabawani. Funzo ni kwamba kinga moja haitoshi. Kasha zuri lenye moto ndani bado ni jeneza.

Kanuni ya kutochezacheza inahusu mkanda. Mkanda wa kiunoni peke yake humzuia abiria asitupwe nje, lakini humwacha akunjike kama kisu cha mfukoni, kichwa na kifua vikagonga usukani na ubao wa vipimo ulio karibu sana katika ndege ndogo. Mkanda wa bega ndio uzuiao hilo. Mnamo 1985 bodi ya Marekani inayochunguza usalama wa usafiri ilitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali 500 za ndege ndogo. Ilibainika kwamba asilimia 20 ya waliofariki wangaliweza kupona laiti wangalifunga mkanda wa bega, na asilimia 88 ya walioumia vibaya wangaliumia kwa kiasi kidogo zaidi. Tafadhali mwanafunzi uliyezoea kuzipita takwimu haraka, zisome tena hizo. Mtu mmoja kati ya watano waliozikwa hakuuawa na mlima wala na hali ya hewa. Aliuawa kwa kukosa utepe wa kitambaa.

Nao mkanda hauna maana ikiwa kiti kilichoubeba kitang'oka. Viti vya ndege ndogo nyingi husogezwa mbele na nyuma juu ya reli, na pini ya kukishika kiti huchakaa. Ndege za zamani zilitakiwa kuwa na viti vinavyoweza kuhimili kani ya mbele ya mara 9 tu, ilhali tumekwisha kuona kwamba mwili wenyewe unaweza kustahimili zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, kiti kilikuwa dhaifu kuliko mwanadamu aliyekikalia! Mnamo 1988 sheria ya Marekani ilibadilishwa. Viti vya ndege ndogo zenye miundo mipya vikatakiwa kujaribiwa kwa kugongeshwa kweli, vikiwa vimekaliwa na sanamu zenye uzito wa binadamu. Kani ya majaribio ya mbele ikawekwa kuwa mara 26 kwa viti vya mbele na mara 21 kwa vya nyuma. Aidha kulikuwa na jaribio la pigo la kutoka chini, kwa ajili ya uti wa mgongo. Wahandisi wakaanza kubuni viti ambavyo miguu yake hupinda taratibu. Tazama jinsi walivyogeuza mantiki: kiti bora si kile kisichopinda kamwe, bali ni kile kinachopinda kwa niaba yako.

Kanuni ya mwisho, ile ya kasha kufunguka, ndiyo yenye visa vya karibu nasi zaidi. Wanafunzi wa fasihi humfahamu Ernest Hemingway. Mnamo Januari 23, 1954 alikuwa na mkewe katika ndege ndogo aina ya Cessna 180 karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Ndege iligonga waya wa simu uliokuwa umeachwa, ikashuka vichakani kwa mwendo mdogo, na wote waliokuwamo wakapona, japo mkewe alivunjika mbavu. Siku iliyofuata, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, walipanda ndege nyingine, aina ya Rapide, iliyotengenezwa kwa mbao na kitambaa. Hii haikufika hata angani. Ilipokuwa ikijaribu kupaa ilianguka na kushika moto. Mkewe alitolewa kupitia dirishani. Yeye Hemingway, mtu wa kimo kikubwa, aliusukuma mlango uliokwama kwa kichwa chake hadi ukafunguka. Alitoka na majeraha ya fuvu na ya viungo vya ndani, akasoma magazeti yaliyotangaza kifo chake, na mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Ajali mbili katika siku mbili, abiria yule yule. Ya kwanza inatufundisha juu ya mwendo mdogo na kiwiliwili cha bati kisichopasuka. Ya pili inatufundisha kwamba pigo likisha kusamehe, moto hausamehi, na hapo uhai hupimwa kwa upana wa mlango na kwa sekunde za kuufungua. Miaka 23 kabla ya hapo, Mei 14, 1931, Mwingereza Denys Finch Hatton alianguka Voi katika ndege yake ya Gipsy Moth, na ndege hiyo ikateketea. Alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau, ambaye vitabu vingi humtaja kwa kupita tu. Katika ndege ya aina ile tangi la mafuta liliwekwa katika bawa la juu, karibu kabisa juu ya kichwa cha aliyeketi mbele, ili mafuta yateremke yenyewe hadi kwenye injini. Ulikuwa usanifu rahisi na wa bei nafuu. Lakini mafuta yanayoteremka yenyewe hadi kwenye injini huteremka yenyewe hadi kwenye moto pia.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya kale tu. Cessna 206, ndege inayotumika sana Afrika Mashariki kuwabeba watalii, wagonjwa na mizigo, katika muundo wake ulioenea ina mlango wa rubani mbele kushoto, na mlango wa mizigo wenye sehemu mbili nyuma kulia. Vibamba vya bawa, vile vinavyoteremshwa ili ndege iweze kutua polepole, vikiwa vimeshuka huzuia sehemu ya mbele ya mlango huo isifunguke vizuri. Abiria wa nyuma hulazimika kujua namna ya kuifungua sehemu ya pili, pengine gizani, pengine chini ya maji. Nchini Kanada, ambako ndege hizo hutua ziwani, watu wamewahi kuinusurika ajali yenyewe kisha wakazama ndani ya ndege iliyo nzima. Hapa chombo kilifanya kazi yote ya kuwalinda, kikakataa kuwaachilia.

Usanifu haukusimama hapo. Ndege ya Cirrus SR20, iliyoidhinishwa mwaka 1998, ina parachuti inayoibeba ndege nzima. Rubani akivuta mpini, roketi ndogo huirusha parachuti, na ndege hushuka kwa takriban mita 8 au 9 kwa sekunde, kama kitu kilichodondoka kutoka urefu wa karibu mita 4. Pigo linalobaki hupokewa na magurudumu na viti. Tangu parachuti hiyo ilipookoa mtu kwa mara ya kwanza mwaka 2002, watu zaidi ya 200 wametoka hai kwa njia hiyo. Nayo ina mipaka yake: haisaidii ndege ikiwa chini mno, wala rubani akichelewa kuamua.

Nakubali kwamba kuna mapigo ambayo hakuna usanifu utakaoyashinda. Ndege inayougonga mlima kwa mwendo wake kamili haiachi nafasi ya mjadala. Nakubali pia kwamba kila kilo ya chuma cha kinga ni kilo isiyobeba abiria wala mafuta, na kwamba kinga huuzwa ghali. Isitoshe, yupo atakayenikumbusha kwamba jitihada haiondoi kudura. Simbishii. Lakini kudura hatuijui kabla haijatendeka, ilhali pini ya kiti iliyochakaa tunaweza kuiona kwa macho leo asubuhi. Wala sidhani kwamba Muumba alimpa DeHaven akili ya kuuliza ili tuiite akili hiyo ukaidi.

Lililo zito zaidi kwetu ni hili. Sheria za 1988 ziligusa miundo mipya. Hazikurudi nyuma kuzibadilisha ndege zilizokwisha kuundwa. Mikanda ya mabega yenyewe haikuwa ya lazima nchini Marekani kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa kabla ya Julai 1978, wala kwa viti vya nyuma kabla ya Desemba 1986. Ndege ndogo haichakai upesi kama matatu. Hudumu miaka 40, 50 na zaidi, ikibadilishwa injini na rangi. Ndege hizo hununuliwa na kuuzwa kutoka bara hadi bara, na abiria anayepanda haoni mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Huona rangi mpya tu.

Kwa hiyo tufanyeje? Abiria auonapo mkanda wa bega uliosokomezwa nyuma ya kiti, auvute aufunge bila haya, na aulize mlango wa pili hufunguliwaje kabla injini haijawashwa. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kani na umbali asiuendee mbali. Darasa litamsikiliza zaidi akizungumzia viti na mikanda kuliko vigari vya mbao vinavyoteremka mtelemko. Sisi waandishi na wasomaji wa magazeti nasi tuna kazi. Utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi wa ajali za ndege huitaka ripoti iwe na sehemu inayoeleza masuala ya kunusurika: viti vilishika au viling'oka, mikanda ilikuwa ya namna gani, watu walitokaje. Ripoti itolewapo sisi hukimbilia ukurasa unaosema nani alikosea. Tufungue na ule mwingine, na ukiwa mtupu tuulize kwa nini ni mtupu.

Wakenya tumewahi kulifanya hilo barabarani. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wengi huziita sheria za Michuki, zililazimisha mikanda katika magari ya abiria. Kanuni hizo hazikudai kwamba magari hayatagongana tena. Zilikiri kwamba yatagongana, kisha zikauliza juu ya yule aliyeketi ndani.

Lugha hubadilika, na maneno hayana kosa. Kosa ni la wanaoyatumia kama mto wa kulalia. Hatuna haja ya kulifuta neno ajali katika kamusi zetu. Tunachohitaji ni kuzitenganisha maana zake mbili, chombo kuanguka na mtu kufa, na kukumbuka kwamba baina yao kuna nafasi. Wakati mwingine nafasi hiyo ni mita moja ya bati linalopondeka. Wakati mwingine ni utepe wa mkanda, wakati mwingine ni komeo la mlango. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iitwayo kinga, na hutengenezwa kwa mikono ya watu.